Dobi wa Nallagutta na Nguo za Mawe

Sunkulamma alizaliwa nchi kavu, kwenye kijiji ambacho kisima chake kilikuwa kirefu hivi kwamba ukitupa kijiwe uliweza kulitaja jina lako na la baba yako kabla hujasikia kikitua. Kwao maji ya kuogea ndiyo yaliyoosha vyombo, na yaliyoosha vyombo ndiyo yaliyokwenda kwenye mche wa pilipili mlangoni. Kwa hiyo siku alipoolewa na kuletwa Nallagutta, katika wilaya ya Nandyal, chini ya milima ya Nallamala, jamaa za mumewe walidhani bibi harusi ana kasoro. Walikuwa wanampeleka hekaluni akainame mbele ya Shiva. Wakapita kando ya bwawa, naye akasimama, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, akagoma kusogea.

Ukutani mwa bwawa palikuwa na kichwa cha ng'ombe dume wa jiwe, na mdomoni mwa ng'ombe yule maji yalikuwa yanatoka. Hayakudondoka. Yalitoka kwa unene wa paja la mtu mzima, meupe, bila kupumzika, na bwawa lilikuwa limejaa mpaka ukingoni, safi hata sindano ungeiona ikiwa chini.

"Nani anamimina?" akamwuliza mumewe kwa sauti ndogo.

Obulesu alikuwa kijana mpole mwenye masikio makubwa. Hakujua aanzie wapi. "Hakuna anayemimina."

"Basi yanakwisha saa ngapi?"

"Hayaishi."

Nyuma yao alikuwepo Narasamma, dada yake Obulesu, amebeba sahani ya maua. Akasema, na wakwe wote wakasikia: "Kaka, umetuletea mke au mbuzi wa kiangazi? Mtoe hapo kabla hajalimaliza bwawa."

Watu wakacheka. Sunkulamma hakucheka wala hakukasirika. Hakuwa amesikia.

Ukoo ule ulikuwa wa madobi. Walifua nguo za kijiji, za makuhani, na hata nguo za sanamu za Shiva na mkewe, Bwana na Bibi wa hekalu, zile hariri nyekundu na za kijani ambazo haziguswi na sabuni. Maji yaliyofurika kutoka bwawani yaliingia kwenye mfereji kwenda kunywesha migomba na mpunga, lakini kabla ya kufika huko yalipita kwenye mawe ya madobi. Narasamma, ambaye alikuwa bado hajaolewa, ndiye aliyemfundisha wifi yake kazi: namna ya kuloweka kwenye magadi, namna ya kuchemsha, namna ya kuliinua fundo la nguo juu ya bega na kulishusha juu ya jiwe.

"Usiipige kwa hasira," alimwambia. "Ukiipiga kwa hasira inakupasukia. Kama mume."

"Wewe mume umemjulia wapi?"

"Nimemwona kaka yangu. Mvute polepole yule, kitambaa chepesi."

Wakapendana kwa mtindo huo, wa kuchokozana kutwa. Asubuhi, kabla hajatua furushi la kwanza, Sunkulamma alikwenda kwanza kumtazama ng'ombe wa jiwe. Wakati wa baridi maji yale yalikuwa na uvuguvugu, na jua lilipopasua ardhi yalikuwa baridi ya kuumiza meno. Alimwuliza kuhani yanatoka wapi. Kuhani akasema yanatoka miguuni pa Bwana. Alimwuliza mumewe. Obulesu akasema yanatoka tumboni mwa mlima. Alimwuliza wifi yake.

"Yanatoka mdomoni mwa ng'ombe," alisema Narasamma. "Fua."

Narasamma aliolewa kijiji cha mbali, akafiwa na mumewe mapema, akarudi kwa kaka yake na binti mchanga aliyeitwa Kullayamma. Wakati huo Sunkulamma alikuwa na mvulana, Maddileti, aliyekuwa anatambaa. Huku kwao, dada akiwa na binti na kaka akiwa na mwana, hakuna haja ya kutafuta mchumba. Ndoa imekwisha kupangwa tangu tumboni. Watoto wale wawili walilazwa kwenye mkeka mmoja kivulini wakati mama zao wanafua, na kila mwanamke aliyepita aliwaita bwana na bibi harusi.

Kisha ukaja mwaka wa ukame. Mvua ilikataa, na msimu uliofuata ikakataa tena. Visima vya vijiji vya jirani vilikauka kimoja baada ya kingine. Nallagutta walijivuna kwamba wao wana ng'ombe wao, mpaka asubuhi moja Sunkulamma alipokwenda kutazama kama kawaida yake akakuta maji yamekuwa membamba kama mkono wa mtoto. Baada ya majuma machache yakawa kama kidole. Watu wakaacha kuja kuoga. Walikuja kuketi kwenye ngazi za bwawa na kutazama, bila kusema kitu, kama wanavyoketi karibu na mgonjwa. Hata Narasamma alinyamaza.

Halafu mchana mmoja, mbingu haina hata wingu la kumfichia shomoro, ng'ombe wa jiwe akakohoa. Kwanza ulitoka upepo wenye harufu ya udongo. Yakafuata matope mekundu kama damu ya kuku. Wanawake wakarudi nyuma. Kisha maji yakatoka kwa nguvu, yakawarukia waliokaa ngazi ya mbele. Mahali fulani wasipopajua, chini kusikoonekana, kitu kilikuwa kimefunguka. Wengine walipiga kelele za furaha. Sunkulamma alipiga magoti ndani ya matope yale. Tangu siku hiyo swali lake halikuwa tena swali la mgeni. Lilikuwa na hofu ndani yake, hofu ya mtu aliyekaa miaka mingi juu ya dari ya nyumba ya mtu mwingine na siku moja akamsikia mwenye nyumba akitembea.

Miaka ikaenda. Maddileti alipokuwa kijana alikwenda Bengaluru kwenye kazi ya kujenga maghorofa, na harusi yake na Kullayamma ilikuwa imeshapangiwa mwezi. Mwezi huo ulipofika hakurudi. Alipiga simu dukani kwa jirani, akasema ameoa msichana wa kulekule, na wamsamehe.

Narasamma aliposikia hakulia wala hakutukana. Aliufunga mdomo wake, basi. Alimsemesha kaka yake, aliwasemesha majirani, lakini Sunkulamma hakumsemesha tena. Na kwa kuwa kazi ya hekalu haikuweza kugawanywa, na mawe ya kufulia yalikuwa bega kwa bega, wakaendelea kufua pamoja kila siku huku kimya kimekaa katikati yao. Kimya kisicho kamili, kwa kweli, kwa sababu kulikuwa na punda wao wa kubebea mafurushi.

"Punda," Narasamma alikuwa anasema, "mwambie huyo anayesuuza hapo juu asinirushie povu."

Sunkulamma naye akajifunza. "Punda, mwambie anayelalamika kwamba jiwe la juu lilikuwa lake zamani, akalihama mwenyewe."

"Punda, mwambie kuna watu hawana haya. Hata wana wao hawana."

Hapo Sunkulamma aliinamia jiwe lake akaendelea kufua. Mwana alikuwa wake na aibu ilikuwa yake, naye aliibeba kila asubuhi pamoja na furushi.

Obulesu alipofariki kwa ugonjwa wa kifua, Narasamma alimlilia kaka yake kuliko wote. Wanawake walipomvunja Sunkulamma bangili, kama afanyiwavyo mjane, ni Narasamma aliyemshika mabega asianguke, akamshikilia mpaka mwisho. Siku ya kurudi kazini alitua furushi lake, akamgeukia punda. Punda naye alipokufa, wakahamia kwenye jiwe. Kullayamma aliolewa na dereva wa bajaji aitwaye Ramanjulu, kijana mcheshi aliyempenda mkewe waziwazi, na hata hapo Narasamma hakulegea. Alimsifu mkwe wake mbele ya jiwe, kwa sauti kubwa.

Sasa, upande wa pili wa wilaya, kwenye nchi tambarare ya dengu na mtama, palikuwa na shimo. Wenyeji walikuwa wakitupa humo majivu na mbuzi waliokufa. Wakaja watu na kamba na taa, wakakuta kwamba shimo lile ni mlango wa pango, na pango lile halina mwisho unaofahamika. Takataka zikaondolewa, ngazi zikajengwa, taa zikafungwa, wageni wakaanza kuja kwa mabasi. Kullayamma, aliyekuwa na masomo kidogo na mdomo wa mama yake, alipata kazi ya kuwaongoza wageni ndani.

Mwezi wa Kartika, ambao wanawake huzunguka kwenye mahekalu ya Shiva kuwasha taa, alikuja nyumbani na sari yake ya kazi ya rangi ya mchanga. "Jumatatu nawachukua," alisema. "Tunaanza hekalu la mwambani, halafu mnakuja kuona ninapofanya kazi."

"Nani na nani?" aliuliza mama yake.

"Wewe na Atta." Ndivyo alivyomwita Sunkulamma, kama wanavyomwita huku mke wa mjomba.

"Mimi sipandi chombo kimoja na mtu nisiyemfahamu."

"Bajaji ya Ramanjulu haijui nani amenuna, mama. Ina kiti kimoja cha nyuma tu."

Wakapanda. Kapu la chakula liliwekwa katikati yao kama mpaka. Njiani Narasamma alizungumza na paa la bajaji. "Paa, kuna kiwiko cha mtu kinanichoma ubavu." Ramanjulu alikuwa anacheka mpaka bajaji inayumba.

Hekalu la mwambani lilikuwa ufa tu katika ukuta wa mlima. Ngazi zake zilichongwa kwenye jiwe, zimelika katikati kwa nyayo za watu hata kila moja ikawa kama bakuli. Ndani walipita kiubavu, wakiinamisha vichwa, harufu ya mafuta na ya popo ikiwajaa puani, mpaka walipofika penye nafasi ya kusimama. Palikuwa na jiwe la Bwana lisilochongwa na mtu, limetokea lenyewe sakafuni, na juu yake, kutoka kwenye dari ya mwamba, tone moja la maji lilikuwa linajikusanya. Kuhani mzee aliwaonyesha kwa kidole wangoje. Tone likavimba, likang'aa kwa mwanga wa taa, likakatika, likamwangukia Bwana kichwani. Sauti yake ilikuwa ndogo kama busu. Kisha mwamba ukaanza kulitengeneza jingine.

Sunkulamma alikuwa amesahau kufumba macho ili aombe. Aliwasha taa yake ya samli akaiweka chini. "Huku linaanguka tone," aliwaza, "na kwetu linatoka paja zima. Ni mwenyewe mmoja anayegawa?" Hakuna aliyemjibu kwa sababu hakuuliza kwa sauti.

Walipofika kwenye pango la tambarare jua lilikuwa kali. Mashamba ya dengu yalienea pande zote, tambarare kama mkeka, na hapakuwa na dalili yoyote ya kitu cha ajabu ila lile shimo.

"Kwa hiyo tumetoka Nallagutta kuja kuingia jaani," alisema Narasamma.

"Ingia, mama. Vua viatu ukipenda, chini kunateleza."

Waliposhuka ngazi, mwanga wa mchana ulibaki nyuma yao, ukawa mdogo kama sahani. Joto la ndani lilikuwa la unyevunyevu, kama la chumba cha kuchemshia nguo. Taa za manjano ziliangaza kuta, na kuta zilikuwa laini, zimepinda na kujikunja, zina michirizi mirefu sambamba inayofuatana na njia. Sunkulamma aliweka kiganja ukutani. Michirizi ile aliijua. Jiwe lake la kufulia lilikuwa nayo.

"Ni maji," alisema. "Yamepita hapa."

"Yamepita kabla hajazaliwa mtu yeyote, Atta," alisema Kullayamma. "Njia hii yote yameichimba yenyewe, maji peke yake."

Waliendelea. Njia ikawa nyembamba, wakapita mmoja mmoja; ikapanuka, wakajikuta chini ya dari ya juu kuliko ya hekalu lolote walilowahi kuingia. Mizizi ya mawe ilining'inia kutoka juu kama ya mti wa mbanyani. Mahali pengine mawe yalikuwa yameinuka kutoka sakafuni kukutana na yale yaliyoshuka, na pengine yalikuwa hayajakutana, yamebakiza nafasi ya unyoya. Wageni wengine waliokuwa mbele yao, wanafunzi wenye kelele tangu juu, walikuwa wamenyamaza. Kila mtu alisema kwa kunong'ona bila kuambiwa.

Kisha Kullayamma akawapitisha kwenye kona, akainua tochi yake.

Zilikuwa nguo. Ukuta mzima kutoka kwenye kingo za mwamba, mashuka na mashuka ya jiwe yameanikwa, yameshuka kwa mikunjo, membamba hata mwanga wa tochi ulipita ndani yake na kutokea upande wa pili. Nyingine zilikuwa nyeupe. Nyingine zilikuwa na mistari myekundu na ya kahawia pembeni, kama pindo la sari. Maji yalikuwa yanatiririka kwenye ncha zake za chini, taratibu, kama nguo iliyokamuliwa sasa hivi.

Sunkulamma alisikia pumzi yake mwenyewe. Maisha yake yote alikuwa ameanika nguo zikakauka, zikavaliwa, zikachafuka, zikarudi kwake. Hapa palikuwa na mtu aliyeanika mara moja, gizani, wala hajaja kuanua. Machozi yalimtoka naye hakuyafuta.

"Wifi," ikasema sauti pembeni yake. "Wifi, umeliona lile pindo?"

"Nimeliona."

"Na ile ya katikati, mikunjo yake. Mimi na wewe hatujawahi kuikunja hariri ya Bibi vile hata siku moja."

"Hatujawahi. Wala wino wa buluu wa kung'arishia nguo hauwezi kutoa weupe ule."

"Hauwezi," alisema Narasamma. Alikuwa amemshika mkono wifi yake juu ya kiwiko, kwa nguvu, kama mtu aliyesimama ukingoni. Ghafla akajishtukia. Akautazama mkono wake mahali ulipokuwa, akautazama uso wa Sunkulamma. Miaka yote ile ilipita machoni pake. Alifungua mdomo, huenda kutafuta punda, akaufunga. Kisha akasema, polepole zaidi, "Tusogee karibu. Macho yangu si yale ya zamani."

Wakasogea wote wawili, hawakuachana. Mwanafunzi mmoja alinyoosha kidole aguse ncha ya shuka, na Narasamma akamkaripia kwa kunong'ona: "Mkono chini, wewe. Bado mbichi."

Chini zaidi, mwisho wa njia ya wageni, palikuwa na kijito. Kilitokea chini ya ukuta, kikapita mbele ya miguu yao kwa upana wa kanga, kikaingia chini ya ukuta mwingine na kupotea. Hakuna anayejua kinakokwenda, alisema Kullayamma. Wamewahi kutia rangi, hawakuiona ikitokea popote.

Sunkulamma alichuchumaa akatia mkono. Maji yalikuwa baridi ya kuumiza. Yalimzunguka vidole, yakaendelea na safari yake bila kumjali. Hakuuliza tena yanatoka wapi. Aliona kwamba chini ya miguu ya watu wote, chini ya mashamba ya dengu na barabara na mahekalu, kazi inafanyika mchana na usiku, haina haraka, haimsubiri mtu aitazame. Akajiona mdogo sana, na udogo ule ukampumzisha. Alikaa vile mpaka Kullayamma alipomgusa bega.

Juu, kivulini mwa mwarobaini, walifungua kapu: wali wa ukwaju, mikate ya mtama, achari ya embe. Walikula. Ni Narasamma aliyeanza kusema.

"Siyo kwamba nimesahau," alisema, akimtazama Sunkulamma usoni. "Mwanao alimwacha binti yangu na harusi imepangwa."

"Sijasahau mimi pia."

Kullayamma aliacha kutafuna. "Mama, nani alikuambia mimi nilimtaka Maddileti?"

"Alikuwa mumeo tangu tumboni."

"Alikuwa kaka yangu tangu mkekani. Tumegawana kamasi na chawa. Ningemtazamaje kama mume? Aliporudi likizo ile ya mwisho akaniambia kuna msichana huko, na anaogopa. Mimi ndiye niliyemwambia aende asirudi. Nikamwambia, ukirudi tutaozwa, na mimi nitakusumbua mpaka ufe."

Ramanjulu akajifanya anakagua tairi.

"Na hukusema," alisema mama yake.

"Ungenipiga. Kisha ulipoanza kumnunia Atta niliogopa zaidi. Kila mwaka nikasema mwaka huu nitakuambia."

Narasamma aliweka chini mkate wake. Uso wake ulikuwa mwekundu, na Sunkulamma alidhani atainuka aondoke kwa miguu mpaka Nallagutta. Badala yake akasema, kwa huzuni kabisa, "Mimi nimezungumza na punda miaka yote hiyo."

Sunkulamma alijaribu kujizuia. Wali ukampalia, akakohoa, akacheka mpaka akalala ubavu kwenye vumbi. Narasamma alimpiga mgongoni, kwanza kumsaidia, kisha kwa hasira, kisha naye akaanza kucheka, meno yake machache yote nje. "Wewe nitakushughulikia nyumbani," alimwambia binti yake, na jioni ile alimshughulikia kweli, kwa maneno ambayo jirani wa mtaa wa pili aliyasikia.

Maddileti alikuja sikukuu ya mavuno, na mkewe na wasichana wao wawili. Alisimama mlangoni kama mwizi. Narasamma alimwacha asimame kwa muda wa kutosha, kisha akawachukua watoto ndani, akawapa chakula, na baada ya hapo akamwambia aingie, kwani anazuia upepo.

Siku hizi nguo za kijiji zinafuliwa na mashine, na mikono ya Sunkulamma haiwezi tena kukamua. Zimebaki hariri za hekalu, ambazo yeye na wifi yake wanazisuuza pamoja, na kazi hiyo wanaimaliza mapema. Muda unaobaki wanautumia kuzunguka. Katika wilaya ile kila mlima una hekalu na karibu kila hekalu lina pango nyuma yake, na wale wajane wawili wamejipa kazi ya kuyaona yote. Watu wa Nallagutta wanawatania kwamba wanatafuta nyumba ya kupanga.

Mwaka jana walikwenda lile la msituni, ndani ya korongo, ambako inabidi upande juu ya mawe ya mto kisha uingie kwa kutambaa. Narasamma alilalamika juu ya magoti yake tangu chini mpaka juu. Ndani, penye nafasi ya watu wachache tu, kuhani aliwasha kafuri mbele ya sanamu ya mungu mwenye kichwa cha simba, na moto ule mdogo ukaonyesha ghafla ukubwa wa mwamba uliokuwa juu yao, ukipanda, ukipanda, mpaka mwanga ukashindwa kuufuata.

"Twende," alisema Narasamma baada ya kuomba. "Magoti yangu yanakufa, na kushuka bado."

"Tukae kidogo," alisema Sunkulamma, shingo ameikunja nyuma, anatazama juu.

Narasamma akaguna. Akatandaza ncha ya sari yake juu ya jiwe lenye unyevu, akakaa, akamwachia wifi yake nafasi ya kuegemea.